Anti, mteja anasema nimemvunja bega, nimekosea wapi?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Mi ni dada wa miaka 31, nipo Kigoma mjini hapa Mwanga, nafanya kazi ya kuchua watu, masaji yani. Nilisoma kozi ya miezi mitatu Dar nikarudi nyumbani, nikapanga chumba kimoja cha mbele, nikanunua kitanda kile cha kukunja, mashuka sita, mataulo, mafuta nachanganya mwenyewe ya mise (yale ya kokwa za mchikichi) na nazi kidogo. Mtaji ulitoka kwenye kikoba cha mama kwaiyo hela hii sio ya kuchezea. Nje nimeweka bango limeandikwa masaji inatoa sumu mwilini, inapunguza kitambi, inatibu presha, kiharusi, mgongo na uchovu.

Shida yangu Anti, watu wanakuja mara moja hawarudi. Nikiwauliza wanasema ilikuwa nzuri dada asante, bas ndo imeisha hiyo. Mi nawafanyia wote kama tulivyofundishwa, lisaa lizima, mwili mzima kuanzia miguuni mpaka kichwani, simpunji mtu hata dakika. Kuna mvuvi mmoja wa mgongo alitoka hapa anasifia kabisa, nikamwambia njoo kila Jumatano wiki nne, hajatokea mpaka leo. Na wengine wakisikia neno masaji wanakuja na akili zao nyingine, hao ndo wananichosha zaidi.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja anauza dagaa Kibirizi, mwaloni wavuvi wanaposhusha, ana hamsini na kitu. Bega la kulia limekaza kama miezi minne, usiku halali, akasema mkono hauendi nyuma, hata kumbeba mjukuu mgongoni anashindwa mpaka aombe watu wamfungie. Nikamlaza nikamfanyia mwili mzima kama kawaida, nilipofika begani nikakuta pagumu kama jiwe, nikajisemea leo hapa nalainisha. Nikaweka kiwiko. Alikuwa anang'ata shuka, nikamwambia vumilia mama dawa lazima iume, na mwisho nikamvuta mkono juu mara kadhaa ufunguke. Kesho yake mwanae ananipigia, mama hajalala, bega limevilia damu, mkono ndo haunyanyuki kabisa. Anataka elfu kumi na tano yake na kashawaambia wenzake wote mwaloni kwamba nimemvunja. Tangu siku hiyo nimepata wateja wawili tu, mmoja ni mzee aliyeshuka kwenye treni kutoka Dar, mguu mmoja umevimba sana kwenye kigimbi na una joto, nikamchua vizuri akasema kasikia nafuu kidogo.

Anti nimekata tamaa. Nirudishe hela? Nifunge nirudi kuuza vitenge? Au nikasomee tena kozi nyingine ya mikono?

Mchuaji wa Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nianze na yule mzee, maana uliniandikia habari zake mstari mmoja tu kule mwishoni na mi nilivyoufikia moyo ulinipasuka. Unajua kwamba siku ile ile nilikujibu pembeni nikakwambia mtafuteni apelekwe hospitali ya Maweni leo leo, nashukuru mlimpata na mkampeleka. Nalirudia hapa kwa sababu wachuaji wengi wanasoma. Mtu aliyekaa kwenye kiti safari ndefu, akashuka na mguu MMOJA umevimba, una joto, unauma kigimbini, inawezekana damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukimchua hilo bonge linaweza kuchomoka likapanda mpaka kwenye mapafu na mtu akafa. Kwaiyo mguu wa namna hiyo haushikwi, hautiwi mafuta, haukandwi na maji ya moto, unapelekwa hospitali. Vilevile aliyelala kitandani muda mrefu, aliyetoka kwenye upasuaji, au mama aliyejifungua juzi juzi mguu ukavimba upande mmoja. Na nafuu aliyoisikia isikufariji mwanangu, mikono ya mtu mwingine ikikugusa kwa upole maumivu yanapungua hata kama tatizo lenyewe lipo pale pale.

Haya, sasa tuje kwenye kazi yako.

Umeniuliza kama ukasomee kozi nyingine ya mikono. Hapana, mikono unayo. Nimeisoma barua yako mara tatu na jibu la yule mama wa Kibirizi umeliandika mwenyewe, tena kwa kupita tu: hata kumbeba mjukuu mgongoni anashindwa. Hicho ndo alichokuja nacho. Hakuja kulainishwa bega wala kuchuliwa miguu. Alikuja kwa sababu ana mtoto wa kulea na mkono umekataa kwenda nyuma, na wewe ukamsikia halafu ukamlaza ukaanza na nyayo.

Sikulaumu, na mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, Tabora miaka hiyo, nikampata bibi mmoja wa goti, nikawa kila wiki nampima goti linakunja kiasi gani, naandika namba zangu vizuri, nafurahi zinapanda. Bibi akaacha kuja. Nikamkuta kwake kakaa barazani nikamuuliza bibi mbona kimya, akaniambia mwanangu mi nilitaka kusujudu, miezi miwili sasa naswalia kwenye kiti na wewe hujawahi kuniambia habari ya kusujudu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza. Tangu siku ile swali langu la kwanza likawa moja tu, ni kitu gani unashindwa kufanya ambacho unakitaka sana? Namba zote za vipimo zinakuja nyuma ya hilo.

Kwaiyo kabla mtu hajapanda kitandani, mkalishe. Dakika kumi au kumi na tano. Muulize kinachomsumbua, kimeanza lini, kinazidi saa ngapi, anatumia dawa gani, ana presha, ana sukari, ana mimba, kaanguka, kafanyiwa upasuaji. Halafu muulize hilo la unataka kufanya nini, na usikubali jibu la "nataka nipone" peke yake, sukuma kidogo, ukipona utafanya nini ambacho leo huwezi? Mmoja atakwambia kuchana nywele mwenyewe, mwingine kulala usiku bila kuamka, mwingine kuendesha bodaboda mpaka Ujiji bila kusimama njiani kujinyoosha. Andika maneno yake yalivyo kwenye kaunta buku. Na hao wenye akili zao nyingine uliowasema, mtu wa namna hiyo akikutana na maswali ya goti na presha na daftari mbele yake utamjua hapo hapo mlangoni na utamtoa kwa amani.

Sasa bega la huyu mama. Mi sijamwona kwaiyo simpi jina la ugonjwa, lakini mwanamke wa hamsini na kitu, bega limekaza taratibu kwa miezi, usiku ndo linauma zaidi, mkono hauendi nyuma, mi ningewaza bega lililoganda. Linawapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi kuliko wengine, kwaiyo kama hajapima sukari akapime hata kama anajiona mzima. Jinsi ya kuhisi ni hivi: mwambie alegeze mkono kabisa, umnyanyulie WEWE polepole. Kama ni misuli tu imekaza au imechoka, mara nyingi mkono ukinyanyuliwa na mtu mwingine unapanda zaidi ya anavyoupandisha mwenyewe. Kama limeganda utakwama pale pale alipokwama yeye, ni kama mlango umefungwa kwa ndani, na hasa ukijaribu kuuzungusha mkono kwenda nje.

Ule mlango hausukumwi kwa kiwiko. Kinachozuia ni ule mfuko unaozunguka kiungo chenyewe, umevimba ukakakamaa, na katika miezi ya mwanzo ambapo maumivu ni makali ukiuvuta kwa nguvu unauchokoza zaidi, ndo maana hakulala usiku ule. Yule alikuwa anang'ata shuka mwanangu. Shuka lilikuwa linakwambia acha. Hili la "dawa lazima iume" litoe kabisa kwenye mdomo wako. Mwambie mteja akupe namba, sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki, usivuke nne, na wakati huo huo uangalie mwili wake, vidole vya miguu vikijikunja, akibana pumzi, uso ukikunjamana, umeshazidisha hata kama mdomo unasema endelea. Wamama wa huku wamezoea kuvumilia, atakuvumilia mpaka umuumize.

Na ujue bega la namna hii linakwenda taratibu mno, mara nyingi mwaka mmoja mpaka mitatu. Hapo ndo utaona kwanini mpango unaanzia kwenye lile alilolitaka. Mjukuu ana umri gani? Hujaniambia. Tuseme ana miezi minane, bega litakapofunguka mtoto atakuwa anakimbia peke yake mchangani. Kwaiyo kumsubirisha bega lipone ndo ambebe ni kumnyima kile kile alichokuja kukitafuta. Hapo unagawa mambo, kuna la leo na kuna la baadaye. La leo ni kumfundisha kubeba kwa namna nyingine: akae kitandani ainame mbele, mtu hata binti wa nyumbani amlaze mtoto mgongoni na kutandaza kanga juu, yeye anashika pembe mbili zinapopita makwapani na kuzifunga mbele kifuani, mkono wa kulia hauhitaji kwenda nyuma hata kidogo. Mtasaidiana mpaka ajue mwenyewe. Siku hiyo hiyo atarudi nyumbani kambeba mjukuu, na hujagusa bega bado.

La baadaye ni bega lenyewe. Muda huu limechokozwa, liache litulie, na kama mkono bado haunyanyuki kabisa au kuna ganzi aende hospitali kwanza waangalie kama hakuna kilichochanika, hilo usilipuuze. Wakisema sawa, wiki mbili za mwanzo kazi yako ni usingizi wake tu. Kitambaa cha uvuguvugu robo saa, halafu kumchua shingo, mgongo wa juu na kuzunguka lile fupa la nyuma ya bega, kwa mkono mwepesi mwepesi, nusu saa inatosha, misuli ile imechoka kwa kufanya kazi ya bega. Nyumbani ainame ashike meza, mkono unaouma uning'inie wenyewe ucheze kama pendulumu, dakika moja moja. Maumivu ya usiku yakishuka ndo unaanza kumnyoosha, vidole vinapanda ukutani kama buibui, weka alama ya chaki alipofika kila wiki aione kwa macho yake. Na kanga, nyuma ya mgongo, mkono usiouma umeshika juu begani, unaouma umeshika chini, wa juu unavuta polepole mpaka asikie mvuto, sio maumivu.

Kipimo chako kiwe dole gumba. Aupeleke mkono nyuma uandike dole limefika wapi, leo kwenye kalio, mwezi ujao kiunoni, mbele ya safari kwenye mstari wa sidiria. Baada ya mara nne kaeni tena na daftari. Kama usingizi haujabadilika na dole halijasogea, umwambie ukweli na umwelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usiendelee kuchukua hela.

Mvuvi wako nae. Umemwambia kila Jumatano, mwanangu, umezaliwa Kigoma, mvuvi wa dagaa anajua Jumatano? Yeye anahesabu giza na mbalamwezi. Kwenye giza yuko ziwani na taa usiku kucha, mchana amelala, mbalamwezi ikiwaka ndo yuko nchi kavu. Mpangie mara tatu ndani ya siku za mbalamwezi, halafu kwenye giza usimwite, umpe kazi ya kufanya mwenyewe, kunyoosha nyonga na mapaja, kuimarisha tumbo na mgongo, na mkae muongee anavutaje wavu, anakunja magoti au anavuta na kiuno, anabadilisha upande au upande mmoja usiku mzima. Hata ule mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ile miezi mitatu ilikuwa nafasi ya kumjenga mtu mgongo kuanzia mwanzo, likifungwa tena uwe na majina yao tayari kwenye daftari.

Na kwa mgongo una haki ya kujiamini. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, mwaka 2017 kiliitaja masaji kati ya vitu vya kuanza navyo kwa mgongo uliouma karibuni kabla ya kukimbilia vidonge, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 likaiweka kwenye mwongozo wake wa mgongo wa muda mrefu, pamoja na mazoezi. Nimesema pamoja na mazoezi. Ushahidi unaonesha nafuu ya masaji peke yake ni ya muda mfupi, kwaiyo wewe unamfungulia mtu dirisha la siku chache asiwe na maumivu makali, na ndani ya dirisha hilo ndo anafanya mazoezi yanayobaki. Ukimwambia hivyo tangu mwanzo ataelewa kwanini arudi. Ila mgongo wenye ganzi sehemu za siri, mkojo unaogoma au kumtoka, au miguu inayolegea, huo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa bango. Lishushe leo. Masaji haitoi sumu, hiyo kazi ni ya figo na ini. Haiyeyushi kitambi. Presha inaweza kushuka kidogo mtu akitulia lakini haitibu, na mtu akisoma bango lako akaacha vidonge vyake akapata kiharusi utajibu nini? Mtu wa kiharusi unaweza kumsaidia mkono usikakamae na apumzike, ukiwa unashirikiana na wanaomtibu, ila usiandike unatibu. Andika kile unachokiweza kweli: kupunguza maumivu ya mgongo, shingo na mabega, kulegeza misuli iliyochoka, kumsaidia mtu atulie na alale. Hivyo sio vidogo. Mama wa mwaloni aliyelala usiku mmoja mzima baada ya miezi minne anakijua ulichompa.

Na saa nzima mwili mzima usiitupe, kuna atakayekwambia lengo langu ni kupumzika tu dada nimechoka, huyo mpe yote, kachagua mwenyewe.

Hela mrudishie, ndiyo, yote, na uende mwenyewe. Usitume kwa simu. Nenda Kibirizi jioni wakishakusanya dagaa zilizoanikwa, sio asubuhi ana biashara, na usiende na mafuta wala taulo. Mwamkie, mwambie mama nisamehe, ulinieleza habari ya mjukuu sikukusikiliza, nikakuumiza. Atakuwa na hasira mbele ya wenzake, mwache aseme yote. Kama bado mkono haunyanyuki ongozana nae hospitali. Halafu muulize mtoto ana miezi mingapi, na kama kanga ipo karibu na yupo tayari, muoneshe ile namna ya kufungia mbele.